Mitetea wanaolalia wa mama wa Mkundi, na kwa nini mashine yangu nimeiweka stoo

Niko Morogoro, Kihonda, nafuga kuku uani si wengi, mitetea saba na jogoo mmoja, na tangu mwaka jana shida yangu ilikuwa moja tu, vifaranga. Hawa wangu ni machotara, kutaga wanataga vizuri sana sina la kulalamika, lakini kulalia hawajui kabisa, anataga anashuka anaondoka zake, yai halimhusu tena. Kwa hiyo ukitaka kifaranga ununue au uwe na mashine. Mashine nilinunua, nitaielezea maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nimemkubali huyu mama.

Mwezi wa pili nikaelekezwa kwa mama mmoja huko Mkundi, mtu mzima, anauza mtetea ambaye tayari ameshaanza kulalia, unaondoka naye na mayai ya mbegu, yaani yaliyopandwa na jogoo, ukifika unamkalisha, siku 21 unaangalia majibu. Mtetea sh 25,000, yai la mbegu sh 700. Nilichukua wawili. Sasa ni miezi mitatu na zaidi kidogo, vifaranga wamekua, mitetea wenyewe wamesharudi kwenye kutaga, ndo nimeona sasa naweza kuongea kitu kilichokamilika sio kusifia siku ya kwanza.

Nianze na mashine. Ilikuwa ya mayai 64, inageuza yenyewe, feni ndani, kioo kinaonyesha joto na unyevu, sh 320,000, kwangu hizo ni hela nyingi. Niliweka mayai 48 nikakaa nayo kama mgonjwa, naamka usiku kuangalia maji. Siku ya 17 umeme ukakatika saa tatu usiku ukarudi asubuhi saa kumi na mbili, masaa tisa hayo, nikaifunika mablanketi nikaweka chupa za maji moto pembeni. Wakatoka 11. Na kilichoniuma zaidi sio umeme, umeme ni wa wote, ni kwamba baadaye niliazima kipimajoto cha kawaida nikakitumbukiza ndani, kioo cha mashine kinasoma 37.8 na kipimajoto kinasoma 36 na kidogo, yaani siku zote zile mayai yalikuwa yanapata joto pungufu na mimi nimelala nimeridhika. Ndo maana hata hao 11 walichelewa kutoka, wengine vitovu havijafunga, miguu imelegea, mwezi ulipoisha nilikuwa na sita. Nilirudi dukani wakaniambia waranti imeisha. Sitaji duka, ila ukinunua mashine yoyote ya bei hiyo usiamini kioo chake, nunua kipimajoto cha pembeni sh elfu chache uhakikishe 37.5 ni 37.5 kweli kabla hujaweka hata yai moja.

Sasa kwa mama. Nilifika mchana kama saa tisa, nikamwamkia shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu karibu, umekuja kuchukua kuku au kuangalia kuku? Nikamwambia kuchukua. Akasema basi utaangalia kwanza. Akanipeleka kwenye kibanda nyuma ya nyumba, ndani giza giza, kuna viota vitano, kimoja kwenye ndoo iliyokatwa, kingine karai bovu, vingine maboksi, kila kimoja kina kuku wake na kila kuku ametazama ukutani. Akaniambia ingiza mkono chini ya huyo. Nikaingiza, yule kuku akaruka akapiga kelele akatoka nje mbio. Mama akasema huyo bado, huyo anajaribu tu, amekaa tangu juzi, siwezi kukupa huyo ukifika nyumbani atakuachia mayai yapoe uje useme nimekutapeli. Hela niko nayo mkononi na kakataa kuuza. Hapo ndo nilianza kumwamini.

Yule wa pili nilipoingiza mkono hakuruka. Alivimba. Manyoya yote yalisimama akawa mkubwa mara mbili, mkia umechanua kama kipepeo, akatoa sauti ya chini ya kukoroma, krrrr, akanidonoa kwenye kifundo cha mkono mara moja ya nguvu halafu akakaa vile vile. Na mkono wangu huko chini nilihisi joto ambalo sikulitegemea, kifuani hana manyoya kabisa, ngozi tupu, imelowa kidogo, inachoma kama umeshika kikombe cha chai. Mama akasema umeona? huyo hata umbebe na kiota chake anakwenda.

Kuna kijana jirani yangu anasoma mambo ya mifugo SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine hapa Morogoro, nilipomsimulia akaniambia ile ni homoni, prolaktini, ikipanda kutaga kunasimama, kuku anapukutisha manyoya ya kifuani ili ngozi iguse yai moja kwa moja. Mwili wa kuku una joto kama 41 hivi, yai lenyewe analishikilia kwenye 37 na nusu, akiona limezidi anajiinua kidogo, akiona limepungua analivuta ndani kwa mdomo. Na analigeuza mwenyewe mara nyingi kwa siku. Hivyo vyote mimi nilivilipia laki tatu na ishirini na sikuvipata.

Kuhusu mayai, mama anayaweka kwenye chungu kikubwa kimetiwa mchanga, kwenye kona ya baridi, ncha nyembamba imetazama chini, na anasema hatoi yai lililozidi wiki moja. Ana jogoo mmoja kwa mitetea nane, hiyo ni sawa kabisa, jogoo mmoja akipewa kuku zaidi ya kumi unaanza kupata mayai yasiyo na mbegu. Nilichukua 13 ya mtetea wa kwanza. Ya mtetea wa pili hakuwa nayo siku hiyo, akaniambia subiri siku nne nikukusanyie, mimi nikaona nitachelewa, nikanunua 12 kwa muuzaji mwingine mjini kwa sh 600, akaniapia ni ya jana. Mtaona yaliyotokea.

Alinielekeza vitu ambavyo mtu wa dukani hatakwambia. Kwanza usimbebe kuku mchana, njoo saa moja usiku. Nikarudi usiku na boda, kuku wawili kwenye tenga, tumefunika kanga, hawakulia njia nzima. Pili usimwekee mayai ya mbegu siku hiyo hiyo. Akanipa mayai manne ya zamani aliyoyachora msalaba kwa mkaa, mawili mawili, akasema mkalishe kwenye haya siku mbili, akitulia usiku wa tatu badilisha, mayai yako nayo yatakuwa yamepumzika na msukosuko wa pikipiki. Tatu, wawili hawa uwakalishe siku moja ili watotoe siku moja, maana ikitokea mmoja amepata wachache unawachanganya vifaranga kwa mmoja na mwenzake anarudi kutaga. Hii ya tatu naiona ndo ya maana kuliko zote. Yeye mwenyewe kwake anafanya hivyo, kuku wa kwanza akianza kulalia anamwekea mayai ya kumdanganya, anawasubiri wenzake wawili watatu waanze, halafu usiku mmoja wote wanapewa mayai ya kweli. Anatotolesha vifaranga 30, 40 kwa mpigo bila hata waya mmoja wa umeme.

Viota nilivitengeneza kwenye maboksi ya mbao, chini nimeweka mchanga kidogo na majivu, juu nyasi kavu nimezizungusha kuwe na shimo la wastani kama sahani ya supu, yai lisibingirike pembeni. Nikaviweka stoo mbali na kuku wengine, mlango nusu wazi. Hii msiipuuze. Ukimwacha anayelalia pamoja na wanaotaga, wenzake wanakuja kutaga humo humo, unakuta mayai 13 yamekuwa 19, mengine yameanza jana, hayatatoka pamoja na mengine, na kuku akishapata vifaranga wake anashuka, hayo ya nyuma yanafia ndani. Kama huna sehemu ya kumtenga basi yaandike mayai yote kwa penseli, kila siku jioni toa lisilo na alama.

Usiku wa tatu nikabadilisha. Naingiza yai moja moja kwa mkono wa kulia, la mkaa natoa kwa kushoto, na yule mtetea mweusi, nimezoea kumwita Bibi, anayavuta mwenyewe kwa kidevu, kla, kla, yakigongana polepole, anayapanga. Nilikaa pale chini nusu saa nzima natazama.

Siku za mwanzo kazi yako ni ndogo sana ila ipo. Anashuka mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 20, wakati mwingine nusu saa kukiwa na joto, anakunywa, anakula haraka haraka, anajigaragaza vumbini, na anatoa kinyesi kimoja kikubwa mno chenye harufu kali, usishtuke ukadhani anaumwa, amekibana siku nzima asichafue mayai. Chakula niliwapa mahindi makavu na maji ya kutosha karibu na boksi. Bibi alikuwa anashuka mwenyewe kila siku saa nne asubuhi kama mtu anayekwenda kazini. Yule wa pili, mwekundu, alikuwa mkaidi, siku ya tatu nikaona hajashuka kabisa, nikamnyanyua mwenyewe kwa mikono miwili, uangalie mayai yasiwe yamebanwa chini ya bawa yakaanguka, nikamweka kwenye maji. Kesho yake akaelewa.

Siku ya tano nikagundua tatizo, na hili lawama naipeleka kwa mama. Bibi alikuwa hatulii, anainuka anakaa anainuka, nikamulika nikaona utitiri, vidudu vidogo vya kijivu vinatembea kwenye nyasi na mpaka kwenye mkono wangu, mayai yenyewe yana vidoadoa vya damu. Kuku wa kulalia akiwa na utitiri au viroboto ndo anapohama kiota, sio kwamba ni kuku mbaya, ananyonywa damu usiku na mchana na hana pa kukimbilia. Alikuja nao kutoka kule maana stoo yangu ilikuwa mpya kabisa. Nikafanya kazi usiku, nikatoa nyasi zote nikachoma, nikaweka mpya na majivu mengi, kuku nikampaka dawa ya unga ya wadudu wa kuku chini ya mabawa na kwenye mkia, kifuani kidogo sana, mayai nikayafuta kwa kitambaa kikavu tu, usiyaoshe, yai lina utando wa nje unaozuia vijidudu kupenya, ukiuosha umeuondoa. Nikampigia mama, simu hakupokea siku mbili. Nilipompata hakubisha, akasema ni kweli mwezi huu hajawapaka, akaniombea radhi, na nilipokwenda tena akanirudishia sh 3,000 ya dawa bila mimi kudai. Bado nasema angewapaka kabla ya kuuza.

Siku ya saba nikapima mayai. Usiku, taa zote zimezimwa, tochi ya simu, nimetoboa kitundu kwenye kipande cha boksi nikaweka yai juu ya kitundu. Ya mama: 12 kati ya 13 nimeona mishipa myekundu imetandaa kama mizizi ya mchicha ukiung'oa, katikati kuna doa jeusi linacheza. Linacheza kweli, ukituliza mkono unaliona linaruka. Moja tu lilikuwa jeupe tupu. Ya muuzaji wa mjini: matatu kati ya 12 meupe, hayana kitu, na kwa baadhi chumba cha hewa upande wa butu kilikuwa kikubwa kuliko ilivyotakiwa kwa siku saba, yaani ni mayai yaliyokaa siku nyingi yamekauka, hiyo jana yake sijui ilikuwa jana ya lini. Meupe niliyatoa yote manne, ukiyaacha yanaoza na yakipasuka yananuka na kuchafua mazima.

Siku ya 12 mwekundu akavunja moja, nadhani alishuka kwa haraka mbwa alipobweka. Ute ukamwagika kwenye mayai mengine mawili, nikayafuta kwa kitambaa cha uvuguvugu kilichokamuliwa, nikabadilisha nyasi, nikamrudisha. Siku hiyo hiyo aliporudi kula alikwenda kukaa kwenye boksi la Bibi ambaye naye alikuwa ameshuka, wakawa wamegombania, mimi nipo sokoni. Nilirudi nimekuta mayai ya mwekundu yako peke yake, nikiyagusa shavuni ni vuguvugu kwa mbali, labda dakika arobaini, labda saa. Nilijua nimeyapoteza. Lakini siku ya 14 nilipopima yote yako hai, nimejifunza kwamba yai lililo chini ya kuku linavumilia kupoa kidogo, kinacholiua ni kupoa usiku kucha au kuchemka. Tangu hapo nikawatenganisha kwa bati katikati na kila mmoja ana mlango wake.

Kuanzia siku ya 18 sikugusa tena. Jioni ya siku ya 20 nimeenda kuweka maji nikasikia Bibi ametoa sauti mpya. Sio ile ya kukoroma ya kukufukuza, ni sauti nyembamba ya ndani ya koo, kok, kok, kok, polepole, halafu ananyamaza kama anasikiliza. Nikapiga magoti nikatega sikio. Kutoka chini yake kukaja jibu, chip, hafifu, kama mtu yuko chumba cha tatu. Kifaranga hajatoka bado, yai zima, wanaongea. Nikamwita mwanangu wa miaka saba naye akasikia, akaniuliza mama anamwambia nini? Nikamwambia anamwambia yuko hapa.

Usiku hatukulala vizuri. Asubuhi Bibi alijiinua kidogo nikaona yai moja lina nyota, ufa mdogo upande wa butu, na ncha ya mdomo inatokeza na ile punje nyeupe ya kuvunjia ganda, inapiga, inapumzika muda mrefu, inapiga. Mkono uliniwasha nimsaidie. Usisaidie. Kijana wa SUA alinionya, pale kifaranga amepumzika anavuta damu ya kwenye utando na kiini cha njano kuingiza tumboni, ukimbandua ganda anavuja damu anakufa mkononi mwako. Anaweza kuchukua masaa 12, hata 24 tangu ufa wa kwanza. Huyo alichukua kama kumi na moja. Alipotoka alikuwa amelowa, mbaya, shingo haina nguvu, mama yake akamvuta chini ya kifua, na baada ya masaa mawili kichwa kikatokea kwenye manyoya ya bawa, kikavu, cha njano na mstari mweusi, kinatazama dunia.

Hesabu sasa. Bibi, mayai 13 ya mama: moja tupu, moja kilifia ndani, wametoka 11. Mwekundu, mayai 12 ya mjini: matatu tupu, moja limevunjika, moja kilifia ndani, wametoka saba. Jumla vifaranga 18 kwenye mayai 25, na ukiangalia ya mama peke yake ni 11 kwa 13. Kwenye mashine nilipata 11 kwa 48. Na hawa wametoka wote ndani ya siku moja na nusu, wamesimama imara, vitovu vimefunga. Msiwe na wasiwasi wasipokula siku ya kwanza, kile kiini walichokivuta kinawatosha kama siku mbili, waache wakauke wapate nguvu na kuku asishuke mapema akaacha mayai ya nyuma.

Usiku wa siku ya 22 nikafanya kama mama alivyoniambia, wale saba wa mwekundu nikawaingiza chini ya Bibi gizani, akawapokea hakujua au hakujali, 18 wote chini ya mabawa yake. Hilo lifanyike wakiwa bado wadogo kabisa na usiku, ukingoja siku nne tano anawabagua anawadonoa. Mwekundu nikamtoa nikamweka kwenye banda la kawaida lenye mwanga na jogoo, wiki tatu baadaye akataga.

Hasara nilipata na sitaificha. Siku ya tatu alfajiri nilisikia kelele, nikakuta sisimizi wekundu wameingia boksini, wawili walishakufa. Bibi alikuwa anawadonoa sisimizi mwenyewe, miguu imejaa. Niliumia sana maana lilikuwa kosa la kuzuilika, majivu nilikuwa nimeacha kuongeza baada ya kutotoa. Sasa boksi linasimama kwenye makopo manne yenye oili chafu. Wa tatu alichukuliwa na mwewe wakiwa na wiki tano, mchana kweupe, nilikuwa nimeanza kuwaachia uani. Waliobaki 15 wapo mpaka leo.

Kulea kwenyewe ukiwa na mama yao ni raha tupu. Wale wa mashine niliwawekea taa, nikawawekea boksi, usiku nikiona wamerundikana najua wana baridi, wakitawanyika wana joto, siku za mwanzo wanataka nyuzi 32 mpaka 35 na mimi natumia balbu na macho. Bibi ana mwili. Wakipata baridi wanaingia, wakishiba wanatoka, mvua ikinyesha anawaita wote wanapotea chini yake unaona miguu tu. Anawafundisha na kula, anachukua punje anaidondosha anaiokota tena mpaka mmoja aige. Chakula niliwapa cha vifaranga cha dukani wiki nne za mwanzo, maji kwenye sahani ya chini yenye kokoto wasizame. Chanjo ya mdondo, ule ugonjwa wa Newcastle, niliwapa ya tone la jicho, hii ya I-2 inayotengenezwa hapa hapa nchini Kibaha, inavumilia joto kiasi hata kama huna friji nzuri, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Na ndui nikachoma bawani. Msimwachie kuku kila kitu, mdondo ukiingia unazoa na mama na watoto.

Wiki ya sita nikamtenga Bibi na watoto. Ukimwacha mwenyewe anaweza kukaa nao mpaka miezi mitatu na muda wote huo hatagi, na kuku wa kienyeji anataga mayai kumi na kitu tu kwa mkupuo, mikupuo mitatu kwa mwaka, ndo hiyo gharama ya njia hii, muda wa kutaga unaoupoteza.

Kwa hiyo kwa nani? Kama una order ya vifaranga 200 kila mwezi na una jenereta au sola ya uhakika, nunua mashine, nzuri, na uipime. Hata mama mwenyewe hawezi kukupa 200. Kama una mitetea kumi uani, unataka vifaranga 20 au 40 kwa mzunguko, na umeme wenu ni kama wetu, kachukue mtetea anayelalia. Mimi jumla yote nilitumia sh 66,300 kuku wawili na mayai, ukiongeza boda mbili haifiki 75,000, na kuku wenyewe bado ninao. Sio wa kila aina lakini. Kuroiler na Sasso, hawa machotara wa kisasa, watu wanawapenda kwa mwili na mayai ila kulalia usiwategemee. Mama anatumia wa kienyeji wadogo wadogo, asili yao Singida anasema, wepesi, hawavunji mayai. Kuchi, wale wa kienyeji wakubwa, nao wanalalia ila ni wazito, umwekee mayai machache na nyasi nyingi.

Mama nampa nne kwa tano. Anajua kuku wake, anakataa kukuuzia ambaye hayuko tayari, mayai yake ni mabichi kweli. Moja nimeikata kwa utitiri na simu isiyopokelewa, na mayai yake hayana tarehe, unamwamini kwa mdomo, nilimshauri awe anaandika kwa penseli na mara ya mwisho nilipokwenda nimekuta ameanza. Halipii usafiri, haleti, unamfuata. Nenda asubuhi kuchagua, rudi usiku kubeba. Na akikwambia subiri siku nne akukusanyie mayai, subiri, usifanye kama mimi.

Bibi ameanza kutaga tena Jumamosi. Mayai matatu mpaka leo, nimeyaandika tarehe, yako kwenye chungu cha mchanga kona ya jikoni, ncha chini.